Aliyefungua Kitabu Kipya

Siku hizi nasikia kompyuta ni mashine. Mwaka 1954, pale Mbeya, kompyuta nilikuwa mimi, Liberatus, mtoto wa mkulima wa Kalenga, pamoja na wanaume wengine watatu tuliokaa kwenye meza moja ndefu katika ofisi ya Kampuni ya Mfereji. Ndivyo barua zetu za ajira zilivyotuita kwa Kiingereza, na maana yake ilikuwa wakokotoaji. Wapimaji walikuwa bondeni Usangu na darubini zao na fito zao, wakipima ardhi pale mfereji utakapopita kupeleka maji kwenye mashamba ya mpunga ya kampuni. Walituletea madaftari yaliyojaa namba, nasi tukazigeuza kuwa vimo vya ardhi, futi kwa futi. Kutokana na vimo vyetu mchoraji alichora, na kutokana na mchoro watu mia tatu walichimba. Mimi huo mfereji sikuuona kwa macho mpaka ulipokwisha kuharibika.

Kila mtu alikuwa na mashine yake ya chuma, nyeusi, yenye mkono wa kuzungusha pembeni. Tuliiita kinu. Unapanga namba kwa vijiti vidogo vilivyoko juu. Ukizungusha mkono kwenda mbele inajumlisha, ukirudisha nyuma inatoa, na chini kuna kigari cha kusogeza kulia na kushoto, chenye magurudumu yanayoonyesha jibu. Kuzidisha, kugawanya, kutafuta kipeuo cha pili, vyote hivyo unavifanya kwa kuzungusha na kusogeza, hatua baada ya hatua, kwa mpango. Mashine yenyewe haina akili. Ukiiamuru vibaya itakupa uongo kwa mlio uleule inaotolea ukweli, na ndiyo maana ilikuja na kitabu.

Kitabu hicho cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, jalada jekundu, kurasa mia moja na kumi na mbili. Kampuni ilikuwa na nakala moja tu, na nakala hiyo ilikaa ndani ya sanduku la Bwana Kolman, Mzungu, mkuu wetu wa ofisi. Ukitaka kukisoma unakwenda mbele ya meza yake, unaandika katika daftari jina lako, tarehe na ukurasa unaoutaka, ndipo anakukabidhi, halafu anatazama saa. Hakuna aliyekatazwa kusoma, hilo niseme wazi. Ulitazamwa tu.

Sasa mimi nililelewa kwa katekisimu. Katekista wetu, mzee Ambrosi, alikuwa akitaja namba ya swali, basi, na wewe unatoa jibu lote bila kuvuta pumzi. Anayechungulia kitabu alirudishwa kwenye benchi la watoto wadogo na ubatizo wake ukaahirishwa hadi Pasaka nyingine, na kijiji kizima kikajua. Kwetu sisi kutazama kitabu mbele ya watu kulikuwa ni kukiri kwamba hujui. Kwa hiyo nilipoajiriwa nilijua la kufanya. Kwa miezi saba niliandika jina langu katika lile daftari, ukurasa mmoja mmoja, nikakariri maandishi yote pamoja na maelezo ya picha, na nilipofika wa mia moja na kumi na mbili niliapa kwamba jina langu halitaonekana tena humo.

Bwana Kolman alilipenda jambo hili. Wageni wakija alikuwa akisema, "Liberatus, ukurasa sitini na nne," nami nasimama na kuutoa wote kwa Kiingereza, wageni wanacheka na kutikisa vichwa. Niseme ukweli, nilivimba kichwa. Sikujiuliza walikuwa wanacheka nini.

Mwenzangu mezani alikuwa Jailos, Mnyakyusa wa huko Masoko, mtu mrefu mwenye sweta la kahawia lililofumwa na mke wake Tupokigwe. Yeye alikuwa mzito. Akipata shaka, hata shaka ndogo ya kumchekesha mtu, aliacha kinu, akasimama, akaenda kuandika jina lake, akafungua kitabu, akasoma kwa kidole, akarudi. Mara nne au tano kwa wiki. Mhehe kama mimi na Mnyakyusa hawana utani wa asili kama nijuavyo, lakini ofisini watu huutengeneza, na mimi ndiye niliyekuwa fundi wake. Nilimuuliza kama akiwa kitandani na mkewe pia huomba ukurasa kwanza. Wenzetu walicheka mpaka wakaacha kazi. Jailos naye alicheka, hakuwa mtu wa kununa. Siku moja tu ndiyo alinijibu kwa utaratibu.

"Kichwa changu nakijua, mwenzangu," alisema. "Kinasahau, halafu hakiniambii kama kimesahau."

Nililiona jibu la mtu aliyeshindwa.

Mwaka uliofuata kampuni ilitangaza cheo cha kiongozi wa wakokotoaji. Mwenye cheo hicho alipewa nyumba ya matofali yenye bati, na mke wangu Paskalina alikuwa bado Iringa kwa mama yangu, na watoto wawili, akiniandikia barua ambazo kila moja iliishia na swali lilelile. Bwana Kolman alitupa mimi na Jailos daftari moja la upimaji tulikokotoe, kila mtu peke yake. Mimi nilikuwa na mbinu yangu. Badala ya kufanya hesabu moja, kuifuta na kuanza nyingine, nilipanga mbili pamoja katika kinu kimoja, moja kushoto na nyingine kulia, nikazungusha mara moja kwa zote mbili. Kitabu chekundu kiliruhusu, ukurasa wa sabini na tisa. Nilimaliza kabla ya saa sita mchana. Jailos alimaliza saa kumi, baada ya safari mbili kwenye sanduku. Majibu yetu yalikuwa sawasawa mpaka futi ya mwisho, lakini nani anajali majibu sawasawa kama mmoja amechelewa? Nilipewa nyumba. Paskalina alikuja na lori la mahindi, akapita chumba hadi chumba akigonga kuta kwa ngumi, akicheka peke yake.

Pamoja na cheo nilipewa amri moja ya kusimamia: mkokotoaji akiwa na neno la kazi, alilete kwangu, nami nilifikishe kwa Bwana Kolman. Yeye hakutaka kusumbuliwa na kila mtu.

Mwezi uleule zilifika mashine mpya kutoka Ulaya, nne, ndogo kuliko zile, za kijivu. Nilizungusha mkono wa moja, nikapanga namba, nikapata jibu. Nikawaambia wenzangu ni mtoto wa mama yuleyule, kazi iendelee. Zilikuja na kitabu chake, cha jalada la kijani. Bwana Kolman alisaini kukipokea, akakitia sandukuni bila kukifungua, na mimi pia sikukiomba. Jailos peke yake ndiye aliyekwenda kuandika jina. Alikisoma siku tatu, saa za chakula, huku sisi tukimnyooshea vidole.

Siku ya nne, Jumatano, alinifuata nyuma ya ofisi nilikokaa juani na viazi vyangu vya kuchemsha. Ilikuwa mwezi wa sita na baridi ya Mbeya inauma mpaka mchana. Alikaa kando yangu na hakuanza na mzaha.

"Ile kitabu mpya nimemaliza," alisema. "Hii mashine si sawa na zile. Ukurasa thelathini na saba wanasema, kigari ikifika mwisho wa kushoto, gurudumu ya tisa haipokei ile moja ya kubeba kutoka ya nane. Inapotea tu, na kengele hailii. Ile njia yako ya hesabu mbili pamoja, kwa hii mashine itakula futi."

"Nimeizungusha wiki nzima," nilimwambia. "Haijanidanganya."

"Utajuaje kama imekudanganya?"

Mtu akibanwa na aliye chini yake hupandisha sauti, nami nilipandisha. Nilimwambia anatafuta kisingizio cha uzito wake. Nilimwambia alishindwa kwa haki na akubali. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniomba jambo dogo sana, nikafungue kitabu kile mwenyewe, ukurasa mmoja tu, nusu ya ukurasa, au kama sitaki basi nimfikishie Bwana Kolman habari hiyo. Nilimwambia nitaifikisha. Aliniamini, akarudi ndani.

Sikuifikisha. Watu wanapenda kusema hawajui kwa nini walifanya jambo fulani; mimi najua vizuri sana. Ili niifikishe ilinibidi kwanza nihakikishe, na ili nihakikishe ilinibidi nisimame mbele ya ile meza, niinamie lile daftari, niandike Liberatus chini ya Jailos, wote wakitazama. Mtu aliyesimama mbele ya wageni na kutoa ukurasa wa sitini na nne kwa kichwa, leo anaomba wa thelathini na saba. Niliona aibu ya kuandika jina langu. Hakuna kingine, na kama kingekuwepo ningekitaja.

Tuliendelea miezi mitano. Mimi na wenzetu wawili, ambao niliwafundisha mbinu yangu, tulikokotoa kwa kasi iliyomfurahisha Bwana Kolman mpaka akaandika barua ya sifa kwenda makao makuu. Jailos alibaki na njia yake ya hesabu moja moja, kufuta na kuanza upya, kama kitabu cha kijani kilivyoagiza. Mara mbili aliniuliza kama nimefikisha ile habari. Mara ya kwanza nilisema bado. Mara ya pili nilisema imefika na wameiona haina uzito. Huo ulikuwa uongo mtupu, na niliusema huku nikichonga penseli.

Mwezi wa kumi na moja walifungulia maji. Yalikwenda vizuri maili sita. Katika maili ya saba yalisimama, yakajaa, yakarudi nyuma, yakapasua ukingo na kuingia katika vitalu vya miche ya watu wa kijiji cha jirani, watu ambao walikuwa wamehamishwa mara moja tayari ili mfereji upite. Ardhi ya maili ya saba ilikuwa juu kwa futi kumi na moja kuliko karatasi zetu zilivyosema. Vibarua mia tatu waliambiwa warudi makwao. Nilipelekwa kule na Bwana Kolman ndani ya Landrova, nikasimama kwenye tope nikitazama wanawake wakiokota miche kwa mikono na kuitia katika vikapu. Kila shimo la mfereji ule lilikuwa na namba iliyotoka kwenye meza niliyoiongoza mimi. Na nilichofikiri, Mungu anisamehe, ni nyumba yangu.

Wakubwa wawili walikuja kutoka Dar es Salaam. Walimpa Bwana Kolman siku mbili apate maelezo, na yeye alihitaji maelezo ambayo hayataji jina lake. Alikusanya karatasi zetu zote, akapiga hesabu upya kwa moja ya vile vinu vyeusi vya zamani. Karatasi zangu zilikuwa na makosa, na za wenzetu wawili vilevile. Za Jailos hazikuwa na kosa hata moja. Nilipoona hivyo nilijua nimekwisha. Nilimwambia Paskalina aanze kufunga vyombo.

Sikumjua Bwana Kolman vizuri. Asubuhi ya pili alituita wote wanne, wakubwa wale wamekaa dirishani. Juu ya meza palikuwa na karatasi za Jailos, kitabu cha kijani kimefunguliwa ukurasa wa thelathini na saba, na lile daftari la majina. Alizungumza nasi kwa kile Kiswahili chake, kisha akawageukia wakubwa na kuwafasiria.

"Jailos, wewe nasoma hii kitabu. Jina yako iko hapa, siku tatu. Hawa wengine hapana soma. Karatasi yako mzuri, karatasi yao mbaya. Basi wewe najua, na wewe nanyamaza, rafiki zako nakosa, wewe nangoja cheo."

Halafu akasema neno ambalo wakubwa waliliitikia kwa vichwa.

"Mtu hapana jua, huyo mjinga tu, na mjinga mimi nazoea. Mtu iko jua na nanyamaza, huyo mbaya."

Ndivyo ilivyokuwa. Katika ofisi nzima mtu mmoja alifungua kitabu, na kwa kuwa alikifungua yeye peke yake, yeye peke yake ndiye aliyeweza kuwa na hatia. Sisi tuliokidharau tulikuwa watu safi. Bwana Kolman, aliyekipokea kwa saini yake na kukifungia, alikuwa msafi kuliko sote.

Jailos alikuwa ametoka jasho, lakini sauti yake ilikuwa tulivu. Alisema hakunyamaza. Alisema amri ilikuwa kila habari ipitie kwa kiongozi, na yeye alimwambia kiongozi, Jumatano, na akauliza tena mara mbili. Kisha akanigeukia. Hakunitazama kwa kuniomba. Alinitazama kama mtu anayenyoosha mkono apokee kitu chake kilichowekwa kwa jirani.

Bwana Kolman aliniuliza, "Liberatus, Jailos nasema yeye nakuambia. Kweli?"

"Sikumbuki, bwana," nilisema.

Mzungu yule alikuwa amenisimamisha mbele ya wageni labda mara ishirini. Alijua kichwa changu kuliko mtu yeyote pale Mbeya. Alinitazama muda mfupi, akainamisha macho, akaandika. Jibu lilimfaa.

Jailos alifukuzwa siku hiyohiyo, na barua ya mwenendo aliyopewa ilisema ni mtu wa hila asiyefaa kuaminiwa na kazi ya hesabu. Kwa barua kama ile, toka Mbeya hadi Iringa, toka Njombe hadi Dodoma, hakuna ofisi iliyokuwa tayari kumpa hata kazi ya kuhesabu magunia. Mimi nilipewa onyo na nikabaki na cheo. Paskalina alifungua vyombo na kuvirudisha rafuni. Kitabu cha kijani kilirudishwa sandukuni, na tangu siku ile hakuna mkokotoaji aliyeandika jina katika lile daftari, kwa sababu wote walikuwa wameshajifunza kazi ya kitabu ni nini. Mashine za kijivu zilitupwa stoo.

Jumamosi nilisikia anaondoka na lori la Tukuyu. Sikuwa na sababu ya kwenda sokoni, nikaenda. Alikuwa amesimama kando ya lori na mkewe, mizigo yao miwili ya mikeka na sufuria chini ya miguu, ukungu umefunika mlima Loleza mpaka kwenye mapaa ya maduka. Tupokigwe aliponiona aligeuza uso, akawa anakaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa tayari. Jailos alinisogelea mwenyewe. Nilitazamia anipige. Niliitaka ile ngumi, nilikuwa nimetembea hadi pale kuifuata.

"Sikuja kugombana, mwenzangu," alisema. "Nataka kukuuliza neno moja tu. Ile Jumatano, mimi nilikuambia ama sikukuambia? Siku nne sasa nafikiri hiyo neno tu. Mke wangu ananiangalia. Nimeanza kuona pengine niliota."

Pale hapakuwa na wakubwa wala Bwana Kolman, wala karatasi ya kuandika. Palikuwa na utingo anayepakia ndizi na wanawake wawili wasiotujua. Kwa hiyo nilimwambia. Nilimwambia ilikuwa Jumatano, mwezi wa sita, jua likiwa juu ya paa la stoo, mimi na viazi vyangu. Nilimtajia ukurasa wa thelathini na saba, kigari mwisho wa kushoto, gurudumu la tisa na la nane, kengele isiyolia, na swali lake la nitajuaje kama imenidanganya. Nilimtajia na siku mbili alizonikumbusha, na nilichomjibu kila mara. Niliyatoa yote kwa mpango, neno kwa neno, bila kukosea hata moja.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mabega yake yalishuka, akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akamwita mkewe kwa Kinyakyusa na kumweleza jambo, na Tupokigwe akaanza kulia.

"Asante, mwenzangu," Jailos aliniambia. "Basi sikuota."

Akapanda lori, akampa mkewe mkono, wakaenda. Nimetukanwa na watu wengi tangu siku ile, wengine nikiwa nimestahili na wengine sikustahili, na matusi yao yote nimeyasamehe. Asante ile sijaisamehe mpaka leo.